Mama Akikata Boga

Jumamosi ile Kitinda aliamka na ombi moja ambalo hakuthubutu kulitia katika sala: mama yake aharibikiwe mbele ya watu. Si sana. Amwite kaka mkubwa kwa jina la marehemu baba, au amimine chai nje ya kikombe, au aulize mara ya tano na ya sita kama watoto wa shule wamekwisha kula. Kitu kimoja tu, ambacho nduguze wangekiona kwa macho yao wenyewe. Maana kuambiwa walikwisha kuambiwa, na yote yaliingia sikio hili yakatokea lile.

Alikuwa binti, kitindamimba wa watoto watatu, na jina la utani likamganda mpaka umri wa miaka thelathini na minane. Kazi yake ilikuwa kushona. Cherehani aliiweka sebuleni karibu na dirisha, ili mkono ushone na jicho limlinde mama. Wiki mbili nyuma alikuwa amepata kazi: karakana moja ya sare katika mji wa mbali ilimtaka awe mkata vitambaa mkuu. Meza ya kukatia yenye urefu wa hatua kumi, mafundi kumi na sita chini yake, na chumba cha kulala juu ya karakana. Mwenye karakana, mwanamke asiyependa maneno mengi, alimwambia kwenye simu: "Nafasi naishikilia mpaka Jumapili jioni. Usiponithibitishia, nampa mwingine, na tusilaumiane."

Ndiyo maana aliwaita nduguze. Swali lilikuwa moja tu: nani atakaa na mama?

Mama alikuwa amepika katika shule ya bweni kwa miaka thelathini na moja, na mtaani walimwita Mama Mpishi, hata wale ambao hawakuwahi kuonja chakula chake. Mwili wake ulikuwa mzima kupita wa vijana wengine. Magoti hayaumi, meno yamo, mgongo umenyooka. Kilichomtoka ni kumbukumbu, na ilimtoka kama mchele katika gunia lililotoboka, punje kwa punje, mpaka siku unalinyanyua unashangaa limekuwa jepesi. Mwezi huo mmoja alikuwa amefungua gesi, akaenda kutafuta kiberiti, akakutana na ufagio njiani, akafagia nyumba nzima gesi ikivuma. Mara tatu fundi viatu wa pale njia panda alikuwa amemrudisha nyumbani kwa kumshika mkono. Kwa hiyo visu vilihamia chumbani, ndani ya sanduku, chini ya vitambaa. Na mlango wa mbele ukanunuliwa kufuli.

*

Kitinda alitoka kwenda kununua sukari. Dakika kumi, si zaidi. Aliporudi alikuta mambo yamekwisha haribika, tena kwa upande wake yeye.

Kaka mkubwa na dada walikuwa wamefika mapema. Kaka alikuwa fundi wa lifti katika majengo marefu, mtu mwenye kifua na sauti ya kuamuru. Dada alikuwa na duka la dawa, na kila alikokwenda alinukia sabuni ya hospitali. Walikuwa wamesimama nje ya mlango uliofungwa, kaka akiwa na boga kubwa kwapani, na mama alikuwa ndani, uso wake umebanwa kati ya nondo mbili za dirisha. Majirani wawili walikuwa wameacha kufua ili waone vizuri.

"Mama, mbona kumefungwa?" kaka alikuwa anauliza.

"Karibuni, wanangu," mama alijibu kwa uchangamfu. "Mlango umekwenda dukani. Utarudi sasa hivi."

Kaka alicheka mpaka boga likamteleza. Dada akacheka, majirani nao wakacheka. Mama Mpishi na utani wake! Kitinda peke yake hakucheka, kwa sababu alikuwa ameishi na utani huo miaka miwili na alijua mama hakuwa anatania. Alipenya katikati yao, akatoa ufunguo uliokuwa unaning'inia shingoni, akafungua. 

"Kufuli," alisema kaka, sasa bila kicheko. "Unamfungia mama kufuli. Kama mbuzi."

"Nilikwenda kununua sukari. Nilikuelezeni kwamba hutoka, hupotea..."

"Na nyumba ikiwaka?"

 Swali hilo Kitinda alikuwa anajiuliza yeye mwenyewe kila siku, akienda na akirudi, mbio mbio, sukari mkononi. Dada akamkumbatia mama, akamnusa shingoni, akamgeuza huku na huku kama anayekagua nguo iliyotoka kwa fundi. Mama alikuwa msafi. Nywele zimesukwa, kucha zimekatwa, nguo imenyooshwa.

"Mbona kanawiri," alisema dada, na katika sauti yake mlikuwa na lawama, kana kwamba usafi ule ulikuwa umejileta wenyewe.

*

Kaka aliliweka boga juu ya meza ya jikoni. Lilikuwa la kijivu lenye michirizi ya kijani, zito kama jiwe la kusagia, na ganda lake lilikuwa gumu kiasi kwamba alipoligonga kwa kifundo cha kidole lililia kama mlango.

"Nimemletea mama," alisema. "Muuzaji kaniambia limekaa ghalani miezi mitatu."

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake, anavuta uzi uliotoka kwenye mfuko wa nguo. Aliposikia mlio ule alinyanyua kichwa. Aliinuka, akaja mezani, akaliinamia boga. Aliligonga mara moja, akasikiliza. Akapitisha ukucha juu ya ganda, ukucha haukuacha alama. Akatazama kikonyo.

"Kikonyo kimekauka kama kizibo," alisema. "Limeiva hili. Nani kalichagua?"

"Mimi, mama."

"Umebahatisha. Nipeni kisu."

 Kaka alifungua saraka ya kwanza, akakuta vijiko. Akafungua ya pili, akakuta chujio, mishumaa na karatasi za ruwaza za nguo. Akatazama kabatini. Akatazama juu ya kabati.

"Kitinda. Nyumba nzima haina kisu?"

"Nimeviweka."

"Umeviweka wapi? Benki?"

Kitinda alikwenda chumbani. Alipiga magoti, akafungua sanduku, akapekua chini ya vitambaa vya watu, akatoa kisu kikubwa kilichoviringishwa kwenye kipande cha sketi ya shule. Alirudi nacho hivyo hivyo, na ilibidi akiviringue mbele yao wote, duru baada ya duru. Dada alisema "Mungu wangu" kwa sauti ya chini, lakini si chini ya kutosha.

Akamkabidhi mama, mpini mbele. Vidole vyake vilikataa kuachia.

"Achia," alisema mama. "Au unakata wewe?"

Akaachia.

"Kitambaa kibichi," mama aliagiza bila kugeuka, na Kitinda akaloanisha kitambaa cha kufutia vyombo. Mama alikikunja mara nne, akalikalisha boga juu yake. "Boga halina adabu. Usipolitandikia, linakimbia, na kisu kinakutafuta wewe." Alilizungusha mpaka akapata bonde kati ya mapindo mawili, akaweka ncha ya kisu pembeni ya kikonyo, upana wa vidole viwili. "Watu wengi wanaanzia kwenye kikonyo. Kikonyo ni mfupa. Utavunja kisu, au utajivunja mwenyewe."

Alisukuma. Hakutumia mkono, alitumia bega, na uzito wa mwili wote ukashuka taratibu kupitia bega. Ncha ikaingia. Akatikisa kidogo mbele na nyuma, kisha akachukua mwiko wa mbao akagonga mgongo wa kisu, mara moja, mara mbili. Boga likasema *kwaa*. Akaligeuza, akafanya vivyo hivyo upande wa pili. Kisha akaweka kisu chini, akatia vidole gumba kwenye ufa, akalifungua kama mtu anayefungua kitabu kipya. Ndani lilikuwa na rangi ya kiini cha yai, na harufu yake mbichi, tamu, ikajaa jikoni.

Kaka alipiga makofi. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, na alipiga makofi kama mtoto wa darasa la kwanza.

Kitinda alisimama karibu na jiko. Alikuwa anangoja. Alimtazama mama yake jinsi mwanasheria anavyomtazama shahidi wa upande wa pili, akisubiri ateleze, na hapo hapo alikuwa anamwonea fahari, maana kwa miaka miwili hakuwa amemwona mtu huyu. Alikuwa amemkumbuka. Alitaka amkumbatie, na alitaka mama asahau, sasa hivi, mbele yao, chochote.

Mama hakusahau. Alikwangua mbegu kwa kijiko, akazitenganisha na nyuzi zake kwa vidole ndani ya bakuli la maji, akazitandaza kwenye sinia. "Msitupe. Zikikauka zikaangwe na chumvi." Alikata mapande kufuata mabonde ya boga, kila pande sawa na jingine.

"Humenyi ganda, mama?" dada aliuliza.

"Likiwa bichi? Anayemenya boga la ganda gumu likiwa bichi ana kidole cha akiba. Livumilie. Likiiva linavua lenyewe."

Aliyapanga mapande kwenye sufuria, ganda chini nyama juu, akatia maji ya kimo cha kidole kimoja na chumvi ya kubana kwa vidole vitatu. "Boga lina maji yake. Ukiliongezea mengi unapika uji wa mgonjwa." Kisha akachukua kiberiti. Kitinda alimkazia macho. Alikuwa amewasimulia habari ya gesi kwa urefu na mapana. Mama aliwasha njiti kwanza, akaisogeza kwenye jiko, ndipo akafungua gesi, kama alivyowafundisha wasaidizi wake wa jikoni kwa miaka thelathini na moja. Moto wa bluu ukakaa duara.

"Kitinda, mwanangu," alisema mama, "funga dirisha. Moto unayumba."

Wiki nzima hakuwa amemwita hivyo.

Dada alimsogelea Kitinda pale dirishani. "Huyu ndiye asiyejua leo siku gani?" alinong'ona.

*

Walikula. Boga lilikuwa limeiva sawasawa, ganda likivuliwa kwa ncha ya kijiko, nyama kavu na tamu hata haikuhitaji kitu kingine. Kaka alikula mapande matano. Mama alikula mawili, akasema amechoka, akaenda kulala. Kitinda akasikia kitanda kikilia, kisha kimya. Alijua kwamba mama akiamka, boga lile lingekuwa halikuwahi kuwapo. Lakini mama alikuwa amelala, na walioshuhudia walikuwa wameshiba.

"Sasa," alisema kaka, akifuta mikono. "Nimesafiri nikidhani nakuja kumwona mgonjwa. Nimekuta mpishi."

"Kaka, mikono yake inakumbuka. Kichwa hakikumbuki. Hilo ndilo ninalo..."

"Usinieleze mambo ya vichwa. Nimeona kwa macho. Mama anazeeka, wazee wote wanasahausahau. Mimi mwenyewe jana nimesahau simu ndani ya lifti." Alimtazama dada, naye akaitikia kwa kichwa. "Ila nikuulize kama kaka. Unatafuta kazi, au unatafuta njia ya kumkimbia mama?"

Neno lile lilimwingia Kitinda kama sindano chini ya ukucha, na fundi wa nguo anaijua vizuri sindano hiyo. Si kwamba lilikuwa uongo mtupu.

"Kama ni mzima, basi mchukue," alisema. "Mwezi mmoja."

"Mimi nakaa ghorofa ya saba. Mama atapandaje?"

"Si wewe ndiye fundi wa lifti?"

Dada aliinamisha uso ili asicheke. Kaka hakucheka. "Usinichezee. Nina mke, nina watoto watatu katika vyumba viwili. Dada yako dukani anaingia saa moja asubuhi anatoka saa mbili usiku. Wewe huna mume, huna mtoto, una cherehani. Cherehani inashona popote."

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

"Na mtu anayemfungia mzazi wake kufuli asitufundishe methali."

Kitinda alianza kukusanya sahani. Zilikuwa nne, akazihesabu mara mbili bila kujua anahesabu nini. Alipofika kwenye ndoo ya takataka, maganda ya boga mkononi, aligeuka.

"Lala hapa," alisema. "Usiku mmoja tu. Mmoja wenu, yeyote. Chumbani kwake, si kwangu. Asubuhi mkiniambia mama mzima, nitabaki na sitalitaja tena neno hili mpaka tumzike."

Kaka alikuwa na zamu Jumapili. Akamtazama dada. Dada akatazama saa, akatazama mkoba wake.

"Haya," alisema. "Si mama yangu? Atanila?"

*

Saa kumi na moja alfajiri Kitinda alisikia mlango wa chumba cha mama ukifunguliwa. Hakuwa amelala, alikuwa anasubiri. Akasikia nyayo kuelekea jikoni, kiatu kimoja kikigonga sakafu na mguu mmoja mtupu. Akasikia nyayo nyingine, nyepesi, zikifuata.

"Mama, bado mapema. Rudi kitandani."

"Wewe nani?"

"Ni mimi, mama. Mwanao."

"Mimi sina mtoto mzee namna hii. Sukari ya watoto umeipeleka wapi?"

"Sukari gani, mama?"

"Watoto mia nne wanakuja kunywa uji! Kila Jumatatu gunia linapungua, nikasema iko siku nitamkamata!"

Sufuria ilianguka. Kitu kikapiga kitu. Dada akapiga yowe, "Kitinda! Kitinda, njoo!" Na Kitinda, aliyempenda dada yake, alibaki amelala chali, macho wazi, akahesabu mpaka ishirini. Alihesabu bila kuruka hata moja. Ndipo akainuka.

Mama alikuwa amevaa magauni mawili, moja juu ya jingine, na aproni. Alikuwa amemshika dada kola ya nguo ya kulalia, mwiko umeinuliwa, macho yanawaka kwa haki ya watoto mia nne. Dada alikuwa amejikunja kwenye pembe ya kabati, uvimbe unachomoza juu ya nyusi. Chini ya miguu ya mama sakafu ilikuwa imelowa, na haikuwa maji.

"Mama Mpishi," alisema Kitinda kwa sauti ya heshima, sauti ya karani wa shule. "Mkuu wa shule ametuma salamu. Leo likizo."

Mwiko ulisimama hewani. "Likizo?"

"Watoto wote wamekwenda kwao."

"Mbona mimi sikuambiwa?"

"Walisahau kukuambia."

Mama alishusha mkono. Alifikiri. "Watu siku hizi wanasahau sana," alisema kwa masikitiko.

Kitinda akachukua mwiko, akamwongoza bafuni, akapasha maji, akamvua magauni mawili, akamwosha, akamvika gauni moja. Alifanya yote kama mtu anavyotia uzi kwenye sindano, bila kufikiri. Alipopita jikoni na kitambaa cha kupigia deki, dada alikuwa bado ameketi sakafuni.  Moyoni mwa Kitinda mlikuwa na kitu kinachopanda kama mkate kwenye tanuri: wameona. Hatimaye wameona.

*

Waliongea saa nne asubuhi, mama akiwa ameketi kwenye kiti chake akivuta uzi wake. Dada alikuwa ameweka kitambaa cha maji baridi juu ya nyusi. Alikuwa amelia mpaka sauti imekuwa ya mtu mwingine.

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Umeona."

"Nimeona. Nimempigia kaka, nimemwambia yote. Nimemwambia asithubutu kukutolea tena neno la kufuli. Ningekuwa mimi ningenunua mbili."

"Kasemaje?"

Dada aligeuza kitambaa upande wa pili. "Kanyamaza. Baadaye akasema tutafute mtu wa kumsaidia."

"Wamekuja watatu. Wa kwanza alikaa wiki, wa pili siku nne. Wa tatu mama alimpiga kwa mwiko huu huu, akaondoka na aproni yangu."

"Tutatafuta mwingine."

"Lini? Leo Jumapili. Mwenye karakana anataka jibu jioni hii."

"Tutatafuta," alirudia dada. Kisha akauweka mkono wake juu ya mkono wa Kitinda, na kabla hajasema lolote Kitinda alikwisha jua, kwa jinsi mkono ule ulivyokuwa mzito. "Sikiliza. Mimi sitakudanganya. Siwezi. Nikikaa naye wiki moja mtatuzika wote wawili. Wewe umeingia pale, umesema maneno manne, katulia. Likizo! Mimi nisingeliwaza neno hilo maisha yangu yote. Kitinda, hakuna anayemweza kama wewe. Jana sikulijua hilo. Leo nimelijua."

Kitinda aliutazama mkono wa dada. Ulikuwa laini, umezoea vidonge na karatasi.

"Jana sikuweza kwenda kwa sababu mama ni mzima," alisema. "Leo siwezi kwenda kwa sababu ni mgonjwa."

 Dada alifungua mkoba, akatoa mafuta ya kuchua na dawa ya vidonda, akaongeza pakiti mbili za nepi za watu wazima alizokuwa amemwagiza msichana wa dukani azilete asubuhi ile, akavipanga juu ya meza kimoja kimoja, kama anavyovipanga kwenye rafu. Vilikuwa vingi. Mchana aliondoka. Alimbusu mama shavuni, na mama akamshukuru kwa kuja, akamwomba awasalimie watu wa kwao.

*

Saa kumi na moja jioni Kitinda alikaa kwenye kiti cha cherehani akapiga simu. Aliongea taratibu, akichagua maneno kama anayekata kitambaa cha bei. Alisema anashukuru, alisema ni matatizo ya nyumbani. Mwenye karakana akasema, "Pole. Mkono wako niliupenda," akakata. Mazungumzo yote hayakuzidi dakika mbili.

Alibaki ameshika simu. Nje mtu alikuwa anakunja nguo zilizokauka, anapiga mluzi. Mama, aliyekuwa kwenye kiti chake, alikuwa ameacha uzi na alikuwa anamtazama. Macho yake yalikuwa maangavu, yenye huruma, macho ya mtu anayesikia kila kitu.

"Unalia," alisema.

"Hapana, mama."

"Unalia. Nani alikuwa kwenye simu?"

"Mtu wa kazi."

"Umepata kazi?"

"Niliipata. Ni mbali. Nimewaambia siwezi."

"Kwa nini huwezi?"

Kitinda alifungua kinywa. Miaka miwili alikuwa na jibu la swali hilo, na alikuwa amelitoa kwa kila mtu isipokuwa huyu mmoja. "Kwa ajili yako, mama," alisema. "Nikienda, wewe utakaa na nani?"

Mama alicheka, kicheko chake kizuri cha jikoni, kilichokuwa kikisikika mpaka bwenini. Alinyoosha mkono akampigapiga gotini, kama anavyompa moyo mtoto wa mtu.

"Ndilo linalokuliza hilo? Nenda zako, binti. Kazi haimsubiri mtu. Mimi usinihofie hata kidogo. Mimi nina mwanangu, Kitinda. Yule hawezi kuniacha."

Mwanga wa dirishani ulikuwa unapungua juu ya cherehani. Kitinda alifuta uso kwa kiganja, akaweka simu chini.

"Ndiyo, mama," alisema. "Yupo."